Ada za wakili katika kesi ya jinai (Tanzania)

Ada za wakili katika kesi ya jinai ni malipo ambayo mshtakiwa, au ndugu zake kwa niaba yake, humlipa wakili ili amshauri na kumtetea polisi na mahakamani. Malipo hayo ni tofauti na faini, dhamana, fidia na gharama nyingine za kesi, ingawa mara nyingi watu huyachanganya.

Nchini Tanzania hakuna bei moja ya kutetea kesi ya jinai. Ada hutegemea aina ya kosa, mahakama inayosikiliza kesi, idadi ya mashahidi, umbali, uzoefu wa wakili na hatua ambayo kesi imefikia. Kesi inayomalizika mapema huwa na gharama ndogo kuliko ile inayosikilizwa mpaka hukumu. Kwa familia ya mkulima au mvuvi, kwa mfano katika Wilaya ya Sengerema mkoani Mwanza, ada hizo zinaweza kumaanisha kuuza ng'ombe, mtumbwi au shamba. Kwa sababu hiyo ni muhimu kufahamu zinavyopangwa, zinavyolipwa, na wakati ambapo mshtakiwa ana haki ya kutetewa bila kulipa.

Haki ya kuwa na wakili

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6), inataka kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama asikilizwe kwa ukamilifu. Ibara hiyohiyo inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hajathibitika kuwa ametenda kosa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) inampa mshtakiwa haki ya kutetewa na wakili katika mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo. Pia inamruhusu mtu aliye chini ya ulinzi wa polisi kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kufika katika Mahakama za Mwanzo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalilegeza katazo hilo kwa Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo linalomsaidia mshtakiwa kufuatilia kazi anayomlipia wakili wake.

Haki ya kuwa na wakili si sawa na haki ya kulipiwa wakili. Kwa kawaida mshtakiwa anayemchagua wakili mwenyewe humlipa mwenyewe. Hali ambazo serikali hulipa zinaelezwa hapa chini.

Historia

Wakati wa ukoloni mawakili wa Tanganyika walikuwa wachache na wengi wao walikaa mijini. Chama cha Mawakili Tanganyika kilianzishwa kwa sheria mwaka 1954.

Kesi moja mashuhuri ya miaka hiyo ni ya Julius Nyerere. Mwaka 1958, akiwa rais wa TANU, alishtakiwa Dar es Salaam kwa kosa la jinai la kashfa kutokana na makala katika gazeti la Sauti ya TANU. Miongoni mwa waliomtetea alikuwa D. N. Pritt, wakili kutoka Uingereza ambaye alikuwa amemtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria nchini Kenya mwaka 1952–1953. Nyerere alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya pauni 150 au kwenda jela miezi sita, faini ililipwa. Kesi hiyo inaonyesha kwamba gharama ya utetezi na adhabu ya mahakama ni mambo mawili: wakili hudai ujira wake hata kama mteja ameshindwa, na faini hubaki palepale hata kama wakili amekwisha kulipwa.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1969 iliweka utaratibu wa msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai kwa washtakiwa wasio na uwezo. Katika shauri la Thomas Mjengi na wenzake dhidi ya Jamhuri, lililochapishwa katika ripoti za kisheria za mwaka 1992, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alieleza kwamba mshtakiwa maskini anayekabiliwa na kosa kubwa anastahili msaada huo, na kwamba anapaswa kuelezwa haki yake. Sheria ya mwaka 1969 ilifutwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hatua za kesi na kazi ya wakili

Ada hueleweka vizuri zaidi ikiwa kwanza inajulikana kazi inayolipiwa. Kesi ya jinai hupita katika hatua zifuatazo:

1. Polisi na upelelezi. Wakili humshauri mtuhumiwa kabla ya kutoa maelezo na hufuatilia dhamana ya polisi.

2. Kusomewa mashtaka. Mshtakiwa hufikishwa mahakamani, husomewa hati ya mashtaka na kuulizwa kama anakubali au anakana. Wakili huomba dhamana ikiwa kosa linadhaminika.

3. Kutajwa. Upelelezi ukiwa haujakamilika, kesi hutajwa na kuahirishwa, pengine mara nyingi. Siku hizi huwa fupi na hakuna ushahidi unaosikilizwa.

4. Usikilizwaji wa awali. Pande mbili hubainisha mambo yasiyobishaniwa ili mashahidi waitwe kwa yale tu yenye ubishi.

5. Ushahidi wa upande wa mashtaka. Wakili huwahoji mashahidi wa Jamhuri na kupinga vielelezo visivyofuata sheria. Hii ndiyo sehemu inayohitaji maandalizi makubwa.

6. Uamuzi wa kama kuna kesi ya kujibu. Mahakama ikiona ushahidi hautoshi, mshtakiwa huachiwa huru bila kujitetea.

7. Utetezi. Mshtakiwa na mashahidi wake hutoa ushahidi.

8. Majumuisho, hukumu na adhabu. Mawakili hutoa hoja za mwisho. Mshtakiwa akitiwa hatiani, wakili huomba apunguziwe adhabu.

9. Rufaa. Hii ni kazi nyingine, na kwa kawaida huwa na ada yake.

Kesi inaweza kuishia njiani. Mshtakiwa anaweza kukiri kosa, Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuondoa mashtaka, au mahakama inaweza kuona hakuna kesi ya kujibu. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu pia makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Kesi inayoishia katika hatua ya tatu haina kazi sawa na ile inayofika hatua ya nane. Kwa hiyo swali la msingi kuhusu ada yoyote ni hili: inalipia hatua zipi?

Aina za ada

Ada ya jumla

Wakili na mteja hukubaliana kiasi kimoja kwa kesi nzima. Faida yake ni kwamba familia inajua mapema mzigo wake, na kuahirishwa kwa kesi hakuongezi deni. Hasara ni kwamba kesi ikiisha mapema, mteja anaweza kuwa amelipa kwa kazi ambayo haikufanyika, isipokuwa kama makubaliano yanasema sehemu itarudishwa.

Ada kwa hatua

Malipo hugawanywa: kiasi fulani mpaka usikilizwaji wa awali, kingine kwa ushahidi wa Jamhuri, kingine kwa utetezi na majumuisho. Mpango huu huwasaidia wanaotegemea kipato cha msimu, kama wakulima wa pamba au mpunga.

Ada kwa kila siku ya mahakama

Mteja hulipa kiasi cha kuanzia, kisha hulipa kila wakili anapofika mahakamani. Mpango huu huonekana nafuu mwanzoni, lakini unaweza kuwa mzito kesi inapoahirishwa mara kwa mara. Ni muhimu kujua kama siku ya kutajwa inatozwa sawa na siku ya kusikiliza mashahidi, na kama wakili hulipwa anapofika na kukuta hakimu au shahidi hayupo.

Ada kwa saa

Wakili hutoza kulingana na muda aliotumia. Mpango huu hutumiwa zaidi na kampuni kubwa za mawakili mijini na katika nchi kama Marekani na Uingereza kuliko kwa mteja wa kawaida wa wilayani.

Ada ya ushauri

Ni malipo ya mazungumzo ya kwanza au ya kusoma jalada. Haimaanishi kwamba wakili amekubali kuichukua kesi.

Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao ni wa kubuni na tarakimu zake si bei halisi. Zimetumiwa kuonyesha hesabu tu. Kijana wa kisiwa cha Kome ameshtakiwa katika Mahakama ya Wilaya. Wakili wa kwanza anataka ada ya jumla ya Sh 2,000,000. Wakili wa pili anataka Sh 500,000 za kuanzia na Sh 100,000 kwa kila siku ya mahakama.

- Kesi ikichukua siku 8, wakili wa pili atalipwa Sh 1,300,000.
- Ikichukua siku 15, atalipwa Sh 2,000,000, sawa na wakili wa kwanza.
- Ikichukua siku 25, atalipwa Sh 3,000,000.

Familia iliyotazama malipo ya kuanzia peke yake ingemchagua wakili wa pili bila kufikiri. Lakini siku 25 si nyingi kwa kesi inayotajwa kila baada ya wiki mbili: kutajwa pekee kwa miezi 6 kunafikia mara 13. Kama wakili wa pili angekubali kutotoza siku za kutajwa, au kuzitoza kidogo, hesabu ingebadilika kabisa. Kwa sababu hiyo maelewano kuhusu siku za kutajwa yana uzito sawa na maelewano kuhusu kiasi chenyewe.

Ada kwa sharti la kushinda

Katika baadhi ya kesi za madai duniani wakili hulipwa sehemu ya fedha zitakazopatikana endapo atashinda. Katika kesi za jinai mpango huo haufai, kwa kuwa hakuna fedha ya kugawana, na wakili anayelipwa kwa ushindi tu anaweza kushawishika kutumia njia zisizo halali au kumzuia mteja asikiri kosa hata pale kukiri kunapomfaa. Maadili ya mawakili nchini Marekani yanaukataza waziwazi katika utetezi wa jinai.

Wakili hawezi kuahidi matokeo. Anachouza ni ujuzi na juhudi. Uamuzi ni wa mahakama. Anayesema "toa kiasi hiki, mtu wako anatoka Ijumaa" hatoi ahadi ya kisheria.

Mambo yanayoongeza au kupunguza ada

Uzito wa kosa. Unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu isiyopungua miaka 30 jela, na kosa la mauaji lina adhabu ya kifo. Kesi kama hizo zinahitaji maandalizi zaidi kuliko kesi ya shambulio la kawaida au ya kukutwa na nyavu zilizokatazwa ziwani.

Mahakama. Makosa mengi husikilizwa katika Mahakama ya Wilaya iliyoko Sengerema mjini. Kesi za mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo kwa eneo hilo ni Kanda ya Mwanza, au na hakimu mkazi aliyeongezewa mamlaka. Rufaa za juu zaidi huenda Mahakama ya Rufani, ambayo hufanya vikao vyake pia jijini Mwanza.

Umbali. Wakili mwenye ofisi Mwanza anayefika Sengerema hutoza pia usafiri. Zamani safari hiyo ilitegemea vivuko vya Kigongo–Busisi na Kamanga. Mwaka 2025 lilifunguliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na foleni ya kivuko upande huo ikaisha. Kwa wakazi wa visiwa vya Kome na Maisome bado mashahidi wa utetezi wanapaswa kuvuka maji kabla ya kufika mahakamani, na nauli zao ni sehemu ya bajeti ya kesi.

Idadi ya mashahidi na vielelezo. Kesi yenye ripoti za daktari au za mkemia huhitaji muda zaidi wa kusoma na kuhoji.

Idadi ya washtakiwa. Washtakiwa watatu wanaweza kuchangia wakili mmoja. Lakini ikiwa mmoja anasema mwenzake ndiye aliyetenda kosa, masilahi yao yanagongana na kila mmoja anahitaji wakili wake. Akiba iliyopatikana kwa kuchangia wakili inaweza kuwagharimu hapo uhuru wao.

Malipo ambayo si ada ya wakili

Watu wengi hulipa fedha wakidhani ni za wakili kumbe sivyo, au kinyume chake. Yafuatayo ni malipo tofauti:

- Dhamana ni ahadi, pengine yenye fedha au mali, kwamba mshtakiwa atafika mahakamani. Mshtakiwa akitimiza masharti, mdhamini hapotezi kitu. Dhamana hailipwi kwa wakili. Makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana.
- Faini hulipwa serikalini baada ya hukumu, kwa kumbukumbu ya malipo ya serikali.
- Fidia hulipwa kwa aliyedhurika, kwa amri ya mahakama.
- Gharama za ziada ni nauli, nakala za nyaraka na posho za mashahidi wa utetezi. Mkataba unapaswa kusema kama zimo ndani ya ada au ziko nje.
- Kodi. Wakili aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani hutoza kodi hiyo juu ya ada. Mteja anapaswa kuuliza kama kiasi alichotajiwa kina kodi ndani yake, na kudai risiti ya mashine ya EFD.

Mlalamikaji katika kesi ya jinai hahitaji kumlipa wakili ili kesi iendeshwe. Kesi ni ya Jamhuri, na huendeshwa na waendesha mashtaka wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka.

Fedha inayoombwa kwa jina la "kumwona hakimu" au "kumlainisha mpelelezi" si ada wala gharama ya kesi. Ni rushwa, na chini ya sheria ya mwaka 2007 anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Familia iliyoingia katika kesi moja inaweza kujikuta na kesi mbili. Taarifa hupelekwa TAKUKURU, ambayo namba yake ya simu ya bure ni 113.

Mshtakiwa anayeachiwa huru kwa kawaida harudishiwi na Jamhuri ada aliyomlipa wakili. Hapa kesi ya jinai ni tofauti na kesi ya madai, ambako aliyeshinda mara nyingi hupewa gharama zake.

Makubaliano kati ya wakili na mteja

Kazi ya mawakili inasimamiwa na Sheria ya Mawakili (Sura ya 341), na malipo yao na Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Wakili na mteja wanaweza kukubaliana kiasi cha malipo kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo ndiyo chanzo cha magomvi mengi, kwa kuwa kila upande hukumbuka maneno yake.

Mkataba mzuri wa utetezi hujibu maswali yafuatayo:

1. Kesi ipi, katika mahakama ipi, na mpaka hatua gani?
2. Ada ni kiasi gani, na italipwa lini na kwa awamu ngapi?
3. Siku za kutajwa na kuahirishwa zinatozwaje?
4. Nauli, nakala na posho za mashahidi ni juu ya nani?
5. Wakili mwenyewe ndiye atakayefika, au atatuma mwenzake?
6. Kesi ikiisha mapema, au wakili akijitoa, kiasi gani kitarudishwa?
7. Mashtaka yakiondolewa na mshtakiwa akikamatwa tena kwa kosa lilelile, je, ada ya kwanza inaendelea au inaanza upya?
8. Rufaa imo au haimo?

Swali la saba husahaulika mara nyingi. Mashtaka yanaweza kuondolewa bila kumzuia mshtakiwa kushtakiwa tena, na jalada jipya huwa na namba mpya. Bila maandishi, wakili anaweza kusema kesi ya kwanza imekwisha, na ndugu wakasema mtu wao bado yuko mahabusu kwa jambo lilelile.

Anayelipa na anayetetewa

Mara nyingi mshtakiwa yuko mahabusu na anayelipa ni kaka, mjomba au mchango wa ukoo. Hata hivyo mteja wa wakili ni mshtakiwa. Siri alizoambiwa wakili ni za mshtakiwa, na uamuzi wa kukiri au kukana kosa ni wa mshtakiwa, si wa aliyetoa fedha. Ndugu ana haki ya kupata risiti na kujua tarehe za kesi, lakini hawezi kumwamuru wakili amtetee mtu kwa namna itakayomficha mwingine.

Kuhakikisha wakili ni wa kweli

Katika maeneo ya mahakama hupatikana watu wanaojifanya mawakili, maarufu kama "vishoka". Wakili halali ameandikishwa katika orodha ya mawakili na ana leseni ya mwaka husika. Jina lake linaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mahakama wa kusimamia mawakili (TAMS) au kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika. Fedha iliyopewa kishoka ni vigumu kurudi, na zaidi ya hayo mshtakiwa anaweza kufika siku ya ushahidi bila mtu wa kumsemea.

Migogoro ya ada

Mteja anayeona ametozwa isivyo haki anapaswa kwanza kudai maelezo ya maandishi kutoka kwa wakili wake. Ikishindikana, bili inaweza kupelekwa kukaguliwa na ofisa wa mahakama mwenye mamlaka ya kukadiria gharama. Malalamiko ya utovu wa maadili, kama kuchukua fedha na kutofika mahakamani, hupelekwa katika Kamati ya Mawakili iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili. Risiti, mkataba na ujumbe wa malipo kwa simu ndio ushahidi wa mteja.

Utetezi bila malipo

Kesi za mauaji

Mshtakiwa wa kosa la mauaji asiye na wakili hupangiwa mmoja kesi inapofika Mahakama Kuu, na wakili huyo hulipwa na serikali. Mshtakiwa hadaiwi kitu, wala ndugu zake. Wakili aliyepangiwa kazi hiyo ana wajibu uleule wa kitaalamu kama aliyelipwa na mteja.

Jambo hili lina maana kubwa kwa familia maskini. Kesi ya mauaji huanza kwa kutajwa katika mahakama ya chini, ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza, mpaka upelelezi ukamilike na mshtakiwa apelekwe Mahakama Kuu. Katika kipindi hicho hakuna shahidi anayehojiwa. Familia inayouza shamba lote ili kulipia siku za kutajwa inaweza kufika Mahakama Kuu mikono mitupu, ilhali hapo ndipo utetezi unapoanza hasa. Wakili wa mapema anaweza kufaa, hasa wakati wa maelezo ya polisi, lakini si lazima kila siku ya kutajwa ilipiwe.

Makosa mengine

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamhusu pia mshtakiwa wa makosa mengine. Jaji au hakimu akiona kwamba haki inahitaji mshtakiwa apate msaada wa kisheria, na kwamba hana uwezo wa kumlipa wakili, anaweza kuamuru apatiwe msaada huo. Mshtakiwa anaweza kuliomba jambo hilo mwenyewe mahakamani kwa maneno ya kawaida, akieleza kipato chake na uzito wa kosa. Ni vizuri kuomba kabla ushahidi haujaanza, kwa sababu shahidi aliyekwisha kuhojiwa haitwi tena kirahisi.

Sheria hiyo inawatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa elimu na ushauri katika vijiji na kata na huweza kufika magerezani. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani wala kumtoza ada. Watoa msaada husajiliwa na msajili aliye chini ya wizara inayohusika na katiba na sheria, mwenye wasajili wasaidizi mikoani na wilayani. Hivyo ofisi ya halmashauri ni mahali pa kuanzia kuuliza. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imepeleka huduma hizo katika mikoa mbalimbali.

Rufaa kutoka gerezani

Mfungwa anaweza kukata rufaa kupitia mkuu wa gereza bila wakili na bila kulipa. Kwa rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na hati ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Kukosa fedha za wakili si sababu ya kukaa kimya mpaka siku hizo zipite.

Mahakama ya Afrika na msaada wa kisheria

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa hukumu muhimu katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania tarehe 20 Novemba 2015. Mlalamikaji alikuwa amehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kuwa na wakili. Mahakama ilisema kwamba kosa zito la namna hiyo lilihitaji msaada wa kisheria bila malipo hata kama mshtakiwa hakuuomba, na kwamba kifungu cha 7 cha Mkataba wa Afrika kilikiukwa.

Hukumu nyingine zilifuata kwa msingi huohuo, zikiwemo za mwaka 2018 zilizotokana na maombi ya wafungwa wa Gereza la Butimba jijini Mwanza. Novemba 2019 Tanzania ilijitoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo, na hatua hiyo ikaanza kutumika Novemba 2020. Hoja iliyowekwa katika hukumu hizo inaendelea kutajwa katika mijadala ya haki ya utetezi.

Katika nchi nyingine

Zanzibar ina mfumo wake wa mahakama na sheria yake ya msaada wa kisheria ya mwaka 2018. Nchini Uganda, Katiba ya 1995 inamtaka mshtakiwa wa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha awakilishwe kwa gharama ya serikali. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inatoa haki ya wakili wa serikali pale ambapo bila yeye kungetokea udhalimu mkubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa mwaka 2016.

Nchini Marekani, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1963, katika shauri la Gideon dhidi ya Wainwright, kwamba majimbo lazima yawapatie mawakili washtakiwa maskini katika makosa makubwa. Clarence Earl Gideon alikuwa ameomba wakili akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa, kisha akaandika maombi yake kwa penseli akiwa gerezani. Kesi yake iliporudiwa akiwa na wakili, aliachiwa huru.

Tazama pia

- Mahakama ya Tanzania
- Sheria ya jinai
- Dhamana
- Haki za binadamu
- Wilaya ya Sengerema